Anton Bruckner: Profesa wa Muziki Aliyesimamisha Kipindi Ili Asali Malaika wa Bwana



Kama uliwahi kuimba kwenye Misa ya kutabaruku kanisa, huenda ulikutana na wimbo mfupi wa Kilatini uitwao Locus iste. Sauti nne, hauna kinanda, dakika tatu hivi umekwisha. Kwaya ikipata mwalimu mpenda Kilatini, haichukui muda utaukuta kwenye jalada la nota. Wengi tunaimba tu, juu ya karatasi tunaona jina A. Bruckner na tunapita. Leo nataka tumjue huyu A. Bruckner ni nani, kwa sababu maisha yake yana mambo ambayo vijana tunapitia kila siku: kufiwa na mzazi mapema, kazi ya mshahara mdogo, kuchekwa, kukataliwa na wasichana, mpaka ugonjwa wa akili. Na katikati ya hayo yote, sala.

Anton Bruckner alizaliwa tarehe 4 Septemba 1824 katika kijiji cha Ansfelden, karibu na mji wa Linz, Austria. Baba yake alikuwa mwalimu wa shule ya kijiji, na zamani hizo huko kwao mwalimu wa kijiji ndiye pia alikuwa mpiga kinanda wa kanisa. Kama makatekista wetu wa vigangoni, yaani mtu mmoja, kazi kumi. Walizaliwa watoto kumi na mmoja, wakabaki hai watano tu. Anton alikuwa wa kwanza.

Mwaka 1837 baba alifariki. Anton alikuwa na miaka 12. Mama hakuwa na uwezo wa kumsomesha, na nyumba waliyokaa ilikuwa ya shule, kwa hiyo walitakiwa kuhama. Mama alimpeleka mwanae kwenye monasteri ya Mtakatifu Floriani, ya Makanoni wa Mtakatifu Augustino, akamwomba mkuu wa monasteri ampokee kama mtoto wa kwaya. Akapokelewa. Hebu fikiria mtoto wa miaka 12, baba amekufa, mama anaondoka, na yeye anabaki kwenye jengo kubwa lenye kinanda cha mabomba maelfu. Kinanda kile kilimlea. Maisha yake yote aliita Mtakatifu Floriani nyumbani, hata alipokuwa mtu mkubwa mjini.

Alipomaliza mafunzo ya ualimu alipangiwa kijiji cha Windhaag, mwaka 1841, kama mwalimu msaidizi. Mshahara: gulden 12 kwa mwaka. Ni hela ya kuchekesha hata kwa wakati ule. Alipiga kengele ya kanisa alfajiri, akafundisha watoto, akapiga kinanda Misani, na baada ya vipindi akatumwa shambani, hata kusambaza samadi. Usiku alipiga fidla kwenye ngoma za harusi za wanakijiji ili apate chochote. Mwishowe aligombana na mkubwa wake, akahamishiwa Kronstorf. Naomba uikumbuke hiyo Windhaag, maana itarudi huko mbele.

Kutoka Kronstorf alikuwa akitembea kwa miguu hadi mji wa Enns kujifunza muziki kwa mwalimu mmoja aitwaye Zenetti, akirudi kazini kama kawaida. Mwaka 1845 alirudi Mtakatifu Floriani, safari hii kama mwalimu, na baadaye mpiga kinanda wa monasteri. Akakaa miaka kumi. Rafiki yake mmoja pale, Franz Sailer, alipofariki alimwachia piano, na Bruckner akamtungia Misa ya wafu mwaka 1849. Ni kazi yake kubwa ya kwanza yenye uzito.

Kuna kasoro moja ya huyu ndugu ambayo wengine wanaiita unyenyekevu, mimi siiti hivyo. Hakujiamini. Mwaka 1855 nafasi ya mpiga kinanda wa kanisa kuu la Linz ilikuwa wazi, na yeye hakupeleka maombi. Alikwenda kusikiliza tu wenzake wakifanyiwa majaribio. Wale waliofika walipewa wimbo waufanyie kazi papo hapo kwenye kinanda, wakashindwa. Mwalimu wake wa zamani, Dürrnberger, akamgeukia akamwambia apande yeye. Akapanda. Alipomaliza kupiga, hapakuwa na ubishi tena juu ya nani anachukua nafasi. Bila yule mzee kumsukuma, pengine tusingekuwa na habari ya kuandika leo.

Mwaka huohuo alianza kusoma nadharia ya muziki kwa posta, chini ya Simon Sechter, profesa maarufu wa Vienna. Ndiyo, kwa posta, kama elimu ya masafa ya siku hizi. Alikuwa na miaka 31, ana kazi tayari, ana jina tayari mkoani kwake, na akakubali kuanza na mazoezi ya msingi ya hamonia. Sechter alikuwa na sheria: ukiwa mwanafunzi wangu, hutungi chochote cha kwako. Bruckner akatii kwa karibu miaka sita. Alituma mazoezi mengi kiasi kwamba mwalimu mwenyewe alipata wasiwasi na afya yake, akamwomba apunguze. Mwaka 1861 akaenda Vienna kufanya mtihani wa mwisho mbele ya jopo la wakubwa wa muziki. Wakampa wimbo, akakaa kimya muda kidogo, halafu akapiga kinanda. Mmoja wa watahini, Johann Herbeck, alisema baadaye kwamba huyo ndiye aliyepaswa kuwatahini wao.

Baada ya hapo kizuizi kiliondoka, na nyimbo zikatoka kama maji. Ave Maria yake ya sauti saba ni ya mwaka 1861. Misa yake ya kwanza kubwa yenye namba iliimbwa Linz mwaka 1864.

Sasa nifike mahali pagumu. Mwaka 1867, akiwa na miaka 42, Bruckner aliumwa. Ugonjwa wa akili. Alipelekwa kwenye kituo cha tiba cha Bad Kreuzen, akakaa karibu miezi mitatu. Alikuwa hawezi kuacha kuhesabu: majani ya mti, nyota, vifungo vya nguo za watu, chembe za mchanga. Ndani yake alikuwa na hofu kubwa na huzuni iliyomfanya akate tamaa kabisa ya maisha. Aliwaandikia marafiki barua akieleza hali yake bila kuficha.

Ninalitaja hili kwa makusudi. Huku kwetu kijana akiumwa hivi, haraka sana tunasema imani yake ndogo, au amerogwa, au anajifanya. Bruckner alikuwa mtu wa Misa, Rozari na kitubio, tangu utoto. Imani yake haikuwa ndogo. Aliugua kama mtu anavyougua malaria, akaenda kutibiwa, akapata nafuu. Na nafuu yenyewe haikuwa kamili, maana tabia ya kuhesabu ilimrudia miaka ya baadaye kila alipochoka sana. Kama wewe unayesoma unapitia kitu cha namna hii, mwambie mtu mzima unayemwamini na nenda hospitali. Nenda na kwa padre pia. Njia hizi mbili hazigombani.

Alipotoka hospitali alianza kutunga Misa. Ile Misa yake ya tatu, ndefu na yenye nguvu kuliko zote, aliiandika kati ya Septemba 1867 na Septemba 1868, mara tu baada ya ugonjwa. Ukisikiliza Kyrie yake ilivyoanza chini chini, unasikia mtu anayejua maana ya kuomba huruma.

Mwaka 1868 akahamia Vienna. Sechter alikuwa amefariki, na Chuo cha Muziki cha Vienna kilimpa Bruckner nafasi ya mwalimu wake: profesa wa hamonia, kauntapointi na kinanda. Hapohapo akawa mpiga kinanda wa kanisa la Kaizari. (Mwaka ni uleule, 1868, ambao Mapadre wa Roho Mtakatifu walivuka kutoka Zanzibar wakaanzisha misioni Bagamoyo, wakiongozwa na Padre Anton Horner. Ma-Anton wawili, mwaka mmoja, kila mmoja anaanza kazi ugenini. Hawakujuana kabisa, ila mimi nimeipenda hiyo.)

Na ile Locus iste? Askofu wa Linz, Franz Joseph Rudigier, alikuwa anajenga kanisa kuu jipya, na kikanisa chake cha kwanza kilikamilika mwaka 1869. Askofu alimpenda sana Bruckner na alikuwa amemwomba nyimbo za tukio hilo. Kwa hiyo tukapata Misa yake ya pili, inayopigwa na tarumbeta na vyombo vingine vya kupuliza tu, kwa kuwa iliimbwa nje kwenye uwanja wa ujenzi. Na tukapata Locus iste. Wimbo ule uliandikwa kwa kanisa ambalo lilikuwa bado liko kwenye ujenzi, mawe yamelala chini. Parokia zetu nyingi za huku, ambazo bado zinachangisha mabati na saruji, zinaweza kuuimba kwa haki kabisa.

Kama mpiga kinanda, Bruckner alikuwa si mchezo. Mwaka 1869 alialikwa Nancy na Paris, akapiga hadi ndani ya Notre-Dame. Mwaka 1871 akapiga London, kwenye ukumbi wa Royal Albert Hall uliokuwa mpya kabisa. Watu walimshangilia. Lakini yeye hakutaka kubaki kuwa mpiga kinanda wa kusafiri. Alitaka kutunga simfoni. Na hapo ndipo shida ilipomkuta.

Vienna wakati ule ilikuwa imegawanyika. Kuna kambi ya Brahms na kuna kambi ya Wagner, kama Simba na Yanga, na hakuna aliyeruhusiwa kukaa katikati. Bruckner alimhusudu Wagner waziwazi, akamtabarukia simfoni yake ya tatu. Kuanzia hapo mchambuzi mkubwa wa magazeti ya Vienna, Eduard Hanslick, akamgeuka, na miaka kwa miaka akamponda. Tena Bruckner alikuwa rahisi kuchekwa: lafudhi ya kijijini, suruali pana za kumwezesha kukanyaga pedali za kinanda, kuinama mno mbele ya wakubwa.

Tarehe 16 Desemba 1877 simfoni hiyo ya tatu ilipigwa kwa mara ya kwanza. Herbeck, aliyekuwa aiongoze, alikuwa amefariki wiki chache tu kabla, hivyo Bruckner akaongoza mwenyewe, na kuongoza okestra hakukujua vizuri. Wapigaji wenyewe walikuwa hawaitaki kazi hiyo. Baada ya kila sehemu watu wakawa wanainuka na kuondoka, wengine wanacheka. Mwisho ukumbi ulibaki na watu kama 25 hivi, wengi wao vijana. Wapigaji nao wakakusanya vyombo na kukimbia, wakamwacha mtunzi peke yake jukwaani anaokota karatasi zake. Wale vijana wakamwendea kumfariji. Kijana mmoja wa umri wa miaka 17 aliyekuwamo ukumbini usiku ule, Gustav Mahler, alikuja kuwa mtunzi mkubwa sana, na yeye na mwenzake ndio waliotengeneza nakala ya simfoni hiyo kwa ajili ya piano. Na mchapishaji aliyekuwepo, Theodor Rättig, akajitolea kuichapa. Usiku wa aibu kubwa kuliko zote ukawa ndio usiku alipopata mchapishaji.

Darasani alikuwa mtu mwingine. Wanafunzi walimpenda. Alifundisha kwa mifano ya kijijini, utani mwingi, na alikuwa mkali kwenye sheria za hamonia kama Sechter alivyokuwa mkali kwake. Kuanzia 1875 alifundisha pia Chuo Kikuu cha Vienna, baada ya kuomba mara nyingi na Hanslick kupinga. Na kila kengele ya kanisa la jirani ilipogonga Malaika wa Bwana, profesa aliacha chaki, akapiga magoti palepale, akasali, halafu akainuka na kuendelea na somo alipoishia. Hakuwaamuru wanafunzi wapige magoti. Hakutoa hotuba. Wapo waliocheka, na kesho yake alifanya vilevile. Mimi jambo hili linanigusa kuliko simfoni zote. Sisi tuko kwenye daladala ya Bagamoyo, tunaona aibu hata kufanya ishara ya msalaba gari likipita mbele ya kanisa.

Sala zake aliziandika. Kwenye kalenda zake ndogo za mfukoni tunakuta kila siku alama: herufi ya Baba Yetu, herufi ya Salamu Maria, herufi ya Rozari, na mistari chini kuonyesha amesali mara ngapi. Wasomi wamebishana kama huo ni utakatifu au ni ule ugonjwa wake wa kuhesabu. Nadhani ni vyote viwili, na sioni kwa nini Mungu asipokee sala ya mtu ambaye akili yake inahesabu bila kukoma. Na kwenye kalenda hizohizo kuna orodha nyingine: majina ya wasichana aliocheza nao muziki kwenye sherehe za kabla ya Kwaresima! Ndivyo alivyokuwa. Alipenda bia, chakula kingi na kucheza dansi.

Hakuoa. Si kwamba hakutaka. Alichumbia mara nyingi na akakataliwa karibu kila mara. Ukweli usemwe, wengi aliowachumbia walikuwa mabinti wadogo mno kwa umri wake, na hata mzee wa miaka sitini aliendelea hivyo. Hilo siwezi kumtetea, na wazazi waliomkatalia walifanya vizuri. Uzeeni alimpata mwanamke mmoja wa Berlin aliyemkubali, Ida Buhz, mhudumu wa hoteli. Ila Ida alikuwa Mprotestanti na hakuwa tayari kuwa Mkatoliki, na Bruckner hakuwa tayari kuoa vinginevyo. Wakaachana.

Mambo yalianza kubadilika akiwa amekaribia miaka 60. Mwaka 1881 simfoni yake ya nne ilipigwa chini ya Hans Richter, na inasimuliwa kuwa Bruckner alifurahi mno akamwendea mwongozaji huyo maarufu, akamtia mkononi sarafu ya fedha, thaler, akanywe bia. Richter aliitundika kwenye mnyororo wa saa yake. Wengi husema ilikuwa thaler yenye sura ya Maria Theresa. Kama ni hiyo, basi babu zetu wa pwani waliijua vizuri, kwani karne ile reale hizohizo za Austria ndizo zilizonunua pembe na karafuu kutoka Zanzibar mpaka Bagamoyo.

Tarehe 30 Desemba 1884 simfoni ya saba ikapigwa Leipzig, Ujerumani, na watu wakapiga makofi robo saa nzima. Mwaka huohuo alimaliza Te Deum, akaitoa kwa Mungu kama shukrani kwa kumvusha katika mateso mengi ya Vienna. Mwaka 1891 Chuo Kikuu cha Vienna kikampa udaktari wa heshima. Kwenye sherehe, mkuu wa chuo alitangaza kwamba yeye, mkuu wa chuo kikuu, anainama mbele ya aliyekuwa mwalimu msaidizi wa Windhaag. Samadi na yote.

Simfoni ya tisa aliianza akijua afya inaisha. Moyo ulikuwa mbovu, miguu inavimba. Aliitabaruku kwa Mungu mwenyewe, akasema apewe muda wa kuimaliza. Sehemu tatu zilikamilika mwaka 1894. Ya nne haikukamilika. Kaizari alimpa makao ya bure yasiyo na ngazi nyingi kwenye eneo la kasri la Belvedere, na asubuhi ya Jumapili tarehe 11 Oktoba 1896 bado alikuwa akihangaika na karatasi za sehemu ile ya nne. Mchana alifariki, akiwa na miaka 72. Kabla nyumba haijafungwa rasmi, watu waliingia na kuchukua karatasi kama kumbukumbu, na nyingine zimepotea mpaka leo. Alikuwa amesema wakishindwa kupata mwisho wa simfoni hiyo, waimbe Te Deum mahali pake.

Mazishi yalifanyika Vienna, lakini aliacha wosia asizikwe huko. Mwili ulirudishwa Mtakatifu Floriani, kwenye ile monasteri mama yake alipomwacha akiwa na miaka 12. Jeneza liko chini ya kanisa, moja kwa moja chini ya kinanda kikubwa, mbele ya ukuta uliopangwa mafuvu maelfu ya Wakristo wa kale. Kwenye msingi wake yamechongwa maneno ya mwisho ya Te Deum. Kinanda kikipigwa juu, mawe ya kule chini yanatetemeka.